Siku Niliyolikimbiza Lori la Kabichi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena, maana kusimama mbele yenu nikiwa na pumzi ni kazi yake, si yangu.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule mama anayekimbia. Chekeni tu! Lakini leo niwaambie kwa nini nakimbia.

Mume wangu alipofariki, woga ulinishika. Nikiinama kupalilia, moyo unadunda kama unataka kutoka. Nikipanda na ndoo kutoka mtoni, nakaa chini njiani, pumzi imekatika, jasho la baridi linanitoka. Nikawa nasema, mimi nami naondoka, nitamwachia nani Naomi wangu? Mtoto ni huyo mmoja tu. Nikaenda zahanati. Nesi akanipima, akasema, "Mama, moyo wako mzima. Ni woga, na mwili umelala. Tembea upesi kila asubuhi. Ukizoea, kimbia kidogo."

Kimbia! Mimi, mjane, na kanga zangu! Nanyi mnajua, huku kwetu mwanamke mtu mzima hakimbii hivihivi. Akikimbia, amebeba habari ya kifo. Asubuhi ya kwanza nilikimbia mpaka kona ya kanisa, nikarudi nikakuta akina mama wamejaa uani, kuni wameshaleta. "Amekufa nani?" Nikawaambia hakuna, nafanya mazoezi. Wee! Walikasirika. Mmoja akasema, "Kama hakuna maiti, basi unamkimbilia mume gani?" Neno lile lilinichoma. Kwenye darasa la jioni, tunakojifunza kusoma, wakaniita Basi la Soni, kama lile basi la mjini Soni lipitalo mbio bila kumsimamia mtu.

Sikuacha. Kila asubuhi naomba, nafunga kanga kiunoni, nakimbia. Woga ukaanza kupungua. Watu nao wakanizoea. Na hapo ndipo hatari ilipokuwa, ndugu zangu!

Naomi aliolewa, akapata mimba, akaja kujifungulia kwangu, kama desturi ya uzazi wa kwanza. Uchungu ukamwanza siku ya shamba la ujamaa. Kijiji kizima kiko ng'ambo ya bonde kinalima. Nyumbani tupo sisi na bibi mkunga tu. Jua likapanda, mtoto hatoki. Bibi akampapasa tumbo, akanitazama. "Mwanangu, huyu kakaa vibaya. Mimi nimefika mwisho. Hospitali, sasa hivi!"

Hospitali iko Lushoto. Gari ni moja tu, lori la kijiji, nami nalisikia linanguruma huko juu, limeshapakia kabichi, linateremka. Likipita, halirudi mpaka kesho yake.

Nikatoka mbio. Nikawapigia kelele wale wa ng'ambo, "Machela! Leteni machela!" Upepo ukaichukua sauti. Nikasikia vicheko, na mwenyekiti wa kijiji, kwa ile sauti yake ya mkutanoni: "Mama Naomi! Leo jembe la ujamaa unalikwepa kwa mazoezi?"

Nikafika barabarani, lori hilo linakuja. Nikapunga mikono yote miwili. Dereva wetu Salehe, mtu wa Tanga, ambaye kila asubuhi hunipigia honi, akatoa kichwa dirishani, akanisalimu kwa Kisambaa chetu. "Onga makeo, mama! Kaza mwendo, leo utanishinda!" Akapiga honi, akapita! Vumbi likanijaa mdomoni. Ndugu zangu, nilitaka kukaa chini nife.

Lakini Bwana alinikumbusha njia ya miguu. Barabara inazunguka mlima kona kwa kona, njia ya miguu inashuka wima mpaka darajani. Nikajitupa humo. Nikakanyaga maharage ya watu, nikaanguka, goti likachanika, kilemba kikabaki kwenye miiba. Nalisikia lori juu yangu, mara kushoto, mara kulia. Moyo unadunda vilevile kama zamani, na ule woga ukarudi: utafia hapa. Nikasema kwa nguvu, "Basi nife nakimbia! Yesu, nipe pumzi ya kufika tu!"

Nikafika. Sikupunga mkono tena. Nikakaa katikati ya barabara, miguu nimeinyoosha, kama mtu anayechambua mboga nyumbani kwake.

Lori likafunga breki, kabichi zikamwagika. Salehe akaruka chini. "Mama! Unataka nifungwe?"

"Naomi," nikasema. "Mtoto amekwama."

Akashika kichwa. "Na mimi nikakupigia honi! Astaghfirullah! Panda, mama, panda!"

Pale hapageuziki. Alirudi kinyumenyume mlima ule wote, mimi nimening'inia mlangoni naita "Kulia! Kulia!", gurudumu linamega ukingo wa korongo. Juu tukakuta watu wanakuja na machela, Naomi yumo, mwenyekiti mwenyewe kaweka bega mbele, machozi yanamtoka. Mkewe ndiye aliyeniona kutoka ng'ambo nikitoka kwenye miiba. Akatupa jembe. "Huyo hafanyi mazoezi! Lini mlimwona kichwa wazi?" Wakakimbilia kwangu, bibi mkunga akawaeleza.

Tukamlaza Naomi juu ya magunia. Kufika hospitali akapasuliwa palepale. Nikasubiri ukutani, sina hata sala, nasema jina la Yesu tu. Nikasikia mtoto analia. Wa kike! Naomi alipofumbua macho akaniuliza, "Mama, mbona unachechemea?"

Haleluya! Nilianza kukimbia kwa kuogopa kufa. Siku hizi nakimbia kwa shukrani, na sipo peke yangu. Mke wa mwenyekiti yupo, na yule aliyeniuliza nakimbilia mume gani naye yupo, kanga ameikaza kunishinda mimi. Juzi mwenyekiti kaja kuniuliza kama wanaume wanakubaliwa.

Ndugu yangu, kama moyo wako unadunda na umeshindwa kumwambia mtu, mwambie Yesu. Kesho asubuhi tutapita mlangoni kwako. Toka ulivyo, na woga wako. Mimi nilikuja nao, na Bwana hakuniambia niuache nyumbani kwanza.