Mama Majani na Miche Elfu Nane

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Majani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, akaishia hapo kwa sababu zamu ya kusoma ilikuwa yetu wadogo zake.

Tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na fundi seremala, shemeji yangu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne. Wakati huo alikuwa ameshaajiriwa, tangu Februari 1970, kufagia kitalu cha kituo cha utafiti wa kilimo, ambako macho yake makali yalimfikisha kuwa mtunza miche.

Mwezi Januari 1987, miche elfu nane ya kahawa iliyotolewa kivulini na kupangwa juani kwa siku moja ilipauka majani, mkuu wa kituo akasema ni ugonjwa, akaamuru yote ichomwe moto. Marehemu, asiye na cheti wala cheo, akamwambia mbele za watu, "Mzee, jani hili haliumwi, limezidiwa na mwanga. Nipe siku tano." Akachukua miche michache mizima iliyokuwa bado kivulini, akafunika nusu ya kila jani kwa karatasi nzito, akaiweka juani, akijua, kama alivyokiri baadaye, kwamba akikosea kazi ingeota mbawa huku kitindamimba akinyonya. Karatasi zilipobanduliwa, upande uliofunikwa ulikuwa kijani kibichi, ule mwingine umepauka, maana mwanga ulelule unaolilisha jani, ukizidi ghafla, huharibu mtambo wake wa kutengeneza chakula upesi kuliko linavyoweza kuukarabati. Mkuu akavua miwani, akasema, "Mama, nimesoma miaka kumi na saba, leo ndiyo nimelijua jani." Miche ikarudishwa kivulini, ikachipua, kisha ikazoeshwa jua kidogo kidogo, na huo ukawa utaratibu wa kitalu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2013, akafariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2014, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia wiki nzima, na wafanyakazi wenzake, walioacha shughuli zao leo wakaja kumbeba mabegani.

Dada, kazi umeimaliza, na umeimaliza vizuri. Sasa pumzika, kwa amani.