Machozi Mawili Tu

Fundi cherehani alipanda basi na haraka zake, akaketi nyuma ya watu wawili waliokuwa wakivutana. Mmoja alikuwa mchora katuni, amekunjua magotini bango alilolichora bure kwa shirika linalowapatia watoto miguu ya bandia. Mwingine alikuwa mwanamke wa shirika hilo.

“Kaka, mchoro mzuri, ila mtoto anacheka,” alisema mwanamke. “Nani atafungua pochi kwa mtoto anayecheka? Mwongezee machozi mawili tu.”

“Dada yangu, nimeshinda naye. Alikicheka hiki kipara changu mpaka akapaliwa. Machozi niyatoe wapi?”

“Kwani yanauzwa? Lile bango letu la zamani, la mtoto analia, lilichangisha mpaka tukashangaa wenyewe.”

Fundi alijigeuza kitini, kiti kikawa hakikaliki. Bango hilo alilijua. Mtoto wa kwenye picha alikuwa yeye, na siku ile alikuwa akililia pipi iliyomdondoka. Mguu alipewa, tena wa maana, ndio unaokanyaga cherehani hadi leo. Hapo hana neno. Ila mtaa nao ukampa jina kwa picha ileile, na jina limegoma kumtoka.

“Mawili tu, kaka,” mwanamke alibembeleza, akimpa penseli.

Mchoraji akaipokea. Fundi akakohoa, akafungua mdomo, asijue aanzie upande gani. Basi likafunga breki.

“Dada Machozi!” kondakta akaita kwa bashasha, kama kila siku. “Shuka, umefika!”

Wale wawili wakageuka kwa pamoja.