Historia ya Fundi Bomba, Aliyeunda Roketi za Utafiti

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na kwa idhini ya shemeji yangu mjane ninasoma maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Bomba, nanyi mnivumilie nikisoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya saba, katika chumba kilichokuwa nyuma ya banda la baba la kutengeneza baiskeli. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, akaishia hapo kwa kuwa baba alifariki mwaka huo, kisha akajifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1984.

Alifanya kazi katika kiwanda cha pampu za maji hadi tarehe 3 Februari 1999, alipoajiriwa na kituo cha roketi ndogo za utafiti, ambazo hubeba vipimo vya wanasayansi hadi juu kabisa ya mawingu, zikakaa huko dakika chache, zikashuka kwa mwavuli. Miili ya roketi hizo aliiunda kwa mabomba ya kawaida ili ziwe rahisi, ndipo jina lake lilipotoka, naye alipenda kututania, "Roketi zetu ni za kimaskini, zinapanda, zinachungulia, zinarudi nyumbani kulala."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wanne, na mmoja alitutangulia akiwa na miaka miwili.

Sasa nasoma sehemu aliyoniagiza mwenyewe. Kabla ya roketi kurushwa, mtu mmoja husoma orodha ya sehemu zote, na mwenzake huishika kila sehemu kwa mkono na kujibu, "Nimegusa." Msomaji alikuwa dada tuliyezoea kumwita Mama Orodha. Tarehe 9 Agosti 2018 alisoma pini inayoufungua mwavuli, kaka akajibu amegusa, naye hakugusa, kwa kuwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuikuta na kasoro. Mwavuli haukufunguka, vipimo vilivyoandaliwa miaka mitatu vikawa vipande vipande, na bosi alipouliza nani aliruka mstari, kaka alinyamaza, lawama ikamwangukia Mama Orodha aliyekuwa msomaji, akafukuzwa kazi, na hakuna kituo kilichomtaka tena.

Marehemu alianza kuugua mapafu Mei 2021. Nilimsihi jambo hili tulimalize kimya kimya, akaniambia, "Mdogo wangu, Mungu nimeshamwambia, bado watu. Usinisitiri." Alifariki Alhamisi tarehe 22 Juni 2023, saa nne asubuhi, pumzi ikiwa imemwishia kabisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwekea hewa usiku na mchana, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliolibeba jeneza. Mkuu wa kituo, maelezo haya ya kosa la pini, aliyoyaacha marehemu yakiwa na sahihi yake, utakabidhiwa hapa hapa mbele ya watu. Mama Orodha, nakuona umekaa benchi la nyuma, wewe uliisoma orodha yote, hukuruka hata mstari mmoja, na hatukuombi utusamehe leo.

Kaka, tumelisema kama ulivyotaka, lililobaki ni kati yako na Mola wako. Pumzika, na amani ikufikie.