Damien Kabulo, Aliyefichwa Kipimo Chake

Miaka huupitia mji huu wa Lubumbashi polepole. Huubadilisha jina, hunyamazisha filimbi za reli, na huwachukua wazazi wetu mmoja baada ya mwingine. Katika mwendo huo, Mungu alimjalia Damien Kabulo miaka sitini na miwili.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1963 huko Kamalondo, mtoto wa pili wa baba aliyetoka Manono kuja kufanya kazi ya reli. Shule ya msingi aliisoma parokiani, kisha miaka minne ya ufundi. Hesabu zilimshinda, lakini mikono yake ilikuwa na akili.

Mwaka 1984 alianza kuchonga malakiti, jiwe la kijani la nchi yetu. Mamba wake wa kwanza alimchekesha mteja.

“Tata, hii mamba iko sawa imbwa!”

“Beba tu,” akajibu Damien, “itakulindia nyumba.”

Mteja akamchukua. Kwa miaka thelathini na mitano Damien alisaga na kung’arisha jiwe hilo bila kufunika pua.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa takatifu na Émerance Kalenga, nao wakajaliwa watoto watatu.

Vumbi la kazi yake likaharibu mapafu yake, hata mwaka 2019 hakuweza tena kumaliza wimbo mmoja katika kwaya. Tarehe 9 Machi 2022, nchini India, alipandikizwa mapafu ya marehemu ambaye hakuambiwa jina lake. Tangu siku hiyo hakulala bila kumwombea “ule mwenye alinipa pumuzi”.

Madaktari walieleza wazi: dawa zinazouzuia mwili usiyakatae mapafu mapya zinaweza kupandisha shinikizo la damu. Apimwe nyumbani kwa kipimo chake asubuhi na jioni, tarakimu ziandikwe daftarini, ili dawa zirekebishwe mapema. Émerance aliandika kwa uaminifu karibu miaka mitatu. Februari 2025 tarakimu zikaanza kupanda.

Hapo kaka yake mkubwa, André, anayesoma maneno haya mbele yenu, aliamini kwamba shinikizo la damu huletwa na mawazo tu.

“Akiona ile chiffre, roho itamuruka,” alimwambia Émerance. “Funga ile machine mu armoire. Na muntu asimuletee habari ya mubaya.”

“Yaya,” alijibu Émerance, maana ndivyo kaka mkubwa huitwa kwetu, “docteur alisema tupime kila siku.”

“Docteur hajue mudogo wangu kunipita.”

André alikuwa amesoma vitabu vingi, na nyumbani neno lake halikupingwa. Kipimo kikafungiwa kabatini. Daktari Lydie, aliyemfuatilia hapa mjini, alipopiga simu, André alijibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Damien mwenyewe aliuliza.

“Yaya, machine yangu ya tension iko wapi?”

“Iliharibika, mudogo.”

“Bantu banatengeneza hata telefone yenye ilianguka mu mayi, yangu tu njo inabashinda? Kama hii mapafu inakufa, muniambie. Miye si mutoto.”

André alibadilisha mazungumzo. Damien akaelewa kwamba anafichwa jambo, naye akaanza kuficha maumivu ya kichwa, asiwatie hofu. Hivyo ndugu wawili waliopendana wakalindana kwa kunyamaziana.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025, baada ya Misa, Damien alianguka mlangoni. Hospitalini kipimo kilisoma ishirini na mbili juu ya kumi na tatu, yaani 220 kwa 130. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Daktari Lydie aliomba daftari, akalifungua. Tangu Februari kurasa zilikuwa nyeupe.

“Baba André,” alisema kwa upole, “mapafu yake iko muzuri sana. Haikukuwa mapafu.”

Damien aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni, alfajiri, Émerance akimshika mkono. Kaka yake hakuwahi kumwambia ukweli akiwa na masikio ya kusikia. Anausema leo, kaburi likiwa wazi, na anaomba msamaha kwake, kwa mjane na kwa watoto.

Ameacha mjane, Émerance, watoto Rodrigue, Graciella na Plamedi, wajukuu wanne, na kaka mmoja, André.

Ee Bwana, mpokee Damien katika utulivu wako, pamoja na yule aliyempa pumzi, ambaye jina lake wewe unalijua. Wabariki Émerance na watoto wake, na uwape watu wa nyumba hii ujasiri wa kuambiana kweli wakingali hai. Amina.