Marehemu Avis Sallis, Aliyekataa Kuzunguka

Ndugu, jirani na marafiki, sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi mtu, na nyinyi mliosimama mlangoni na gambuti zenye tope ingieni hivyo hivyo, sakafu itapigwa deki kesho. Tunaomba utulivu kidogo, maana marehemu hakuwahi kutupa nafasi ya kumzungumzia akiwa ametulia mahali pamoja, na leo ndiyo mara ya kwanza. Kazi ya kusoma historia hii familia imenipa mimi, wifi yake Mabel.

Marehemu Avis Sallis alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika kitongoji cha Lowfold, kule bondeni, katika parokia yetu hii ya Marlthorpe, akiwa mtoto wa mwisho wa marehemu Herbert Pummery, aliyekuwa mzibuaji wa mitaro ya barabara, na marehemu Edith. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga alipofika kwa baiskeli alimkuta ameshatoka anapiga mateke, akasema huyu hana kungojea, na neno hilo likamfuata Avis mpaka uzeeni.

Mwezi Februari 1947 theluji ilifunga barabara, na katika siku hizo hizo bibi yake akafariki, basi wanaume sita wakalibeba jeneza begani kwa njia ya miguu, ile inayopanda kutoka Lowfold, ikikata shamba kubwa na kutokea hapa kanisani, na Avis, mtoto wa miaka mitano, akafuata nyuma akirukia nyayo zao moja moja. Kwenye lango la shamba mama yake alimwambia maneno ambayo sote tumelelewa nayo, kwamba palipopitishwa jeneza pasipo kuomba ruhusa pamekuwa pa watu wote, lakini ukiomba ruhusa umekiri kwamba ni pa mwenyewe, na kesho anaweza kukufungia. Mtoto aliyameza maneno hayo, na hayakutoka tena.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1946 hadi 1956, ambako Mwalimu Prudence Oakes alimkalisha karibu na dirisha, akamtoa, akamrudisha, mwisho akampa kazi ya kugonga kengele ili apate sababu ya kusimama. Ni katika miaka hiyo, mwaka 1952, halmashauri ya kijiji ilipochora ramani ya njia zote za parokia, wakaandika hata ile ya kwenda kwenye bwawa lililokauka, ila ya Lowfold wakaiacha, kwa sababu kila mtu aliijua, na nani huandika kitu ambacho kila mtu anakijua.

Mwaka 1957 aliajiriwa kupeleka barua kwa baiskeli, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2001, na baada ya hapo, kwa kuwa miguu ilikuwa haijaambiwa kwamba imestaafu, alisambaza jarida la parokia nyumba kwa nyumba kila mwezi, na habari zilizokosekana ndani ya jarida alizitoa mwenyewe mlangoni, nani amelazwa, mbuzi wa nani amekula maua ya kasisi, chai akiinywa amesimama.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa katika kanisa hili na marehemu Clement Sallis, fundi wa matrekta, mtu mpole ambaye haraka yake ilikuwa sawa na ya ng'ombe aliyeshiba. Watu walijiuliza wawili hawa watapatanaje, naye Clement aliwajibu kwamba nyumba moja inatoshwa na mtu mmoja wa kukimbia na mmoja wa kumngoja arudi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hester mwaka 1965 na Neville mwaka 1968, ambao wote walijifunza kutembea kwenye njia ya Lowfold, maana mama yao hakuwa na mahali pengine pa kuwafundishia.

Aliingia katika halmashauri ya kijiji mwaka 1979, na katika kila kikao, iwe wanazungumzia taka, kibanda cha kungojea basi au sherehe ya mavuno, kabla ya kufunga aliinua mkono na kuuliza njia ya Lowfold itaandikwa lini, na kila mwenyekiti alimjibu, Avis, kwani nani amekuzuia kupita? Mwaka 2004 akatokea wa kumzuia. Bwana Lyle Harcombe, tunayemheshimu na aliye jirani yetu, alinunua shamba kubwa, akaangalia ramani, hakuona njia, akatia lango kufuli. Avis akawa anaruka lango. Bwana Harcombe alimkuta siku moja mguu mmoja huku na mmoja kule, akamwambia kwa adabu, bibi, shamba hili lina mwenyewe, naye akamjibu kwamba anajua, amewazika wenyewe wawili, na wewe baba huonekani na afya sana.

Clement alipofariki, tarehe 19 Novemba 2011, familia ilitaka apitishwe kwa njia ile, na Bwana Harcombe akakataa, kwa kuwa alikwisha kuyasikia yale maneno yetu ya majeneza, na ingawa wakili wake alimwambia ni imani ya wazee tu, hakutaka kujaribu. Jeneza likazungushwa na gari kwa barabara ya kivukoni, maili nne. Avis alikataa kupanda gari lile. Alipanda kilima peke yake, akaruka lango na gauni lake jeusi, akafika hapa kabla ya mume wake, na tulipoingia tulimkuta amesimama pale kwenye nguzo, soksi imechanika, akasema, "Nilimngoja mimi, mara moja tu katika maisha yetu, na wamenifanya nimngojee kanisani."

Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine ila yeye asizungushwe.

Mwaka 2021 alianguka langoni akavunjika nyonga, akatembea tena, na mwaka jana moyo ukaanza kuchoka, maji yakajaa miguuni, akalazwa mara mbili, na mara zote mbili wauguzi walimkuta ukumbini anatafuta mlango wa kutokea. Mwezi Desemba, akiwa kitandani nyumbani Lowfold, alimwita Bwana Harcombe, naye akaja, na kwa kuwa familia ilikuwepo tunaweza kuyasema waliyosema. Bwana Harcombe alianza yeye.

"Bibi Avis, nimefikiri. Siku yako ikifika, nitawapa ruhusa mpite."

"Ruhusa yako kaa nayo. Ukiniruhusu umenifungia."

"Sasa nikuache upite hivi hivi? Nikikufungulia wewe, nimemfungulia kila mtu."

"Ndiyo hiyo nimekuitia, baba."

Bwana Harcombe aliikunja kofia yake, akaondoka, na Avis akatuambia tusimfuate, mtu anayefikiri asisukumwe, kisha akaagiza mto uwekwe juu zaidi ili aone kilima. Hakulala vizuri tena, kila asubuhi aliuliza kama lango limefungwa, na kila asubuhi tulimwambia ukweli, limefungwa. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, miguu yake ikiwa nje ya blanketi.

Leo asubuhi, kama mnavyojua, mto umefurika na barabara ya kivukoni imezama, gari la jeneza likarudi. Neville akauliza tufanye nini, Hester akasema tunapanda. Watu sita wamembeba, sisi wengine tumefuata kwenye tope mpaka langoni. Kufuli halikuwepo. Lango lenyewe lilikuwa limeng'olewa kwenye bawaba na kulazwa kando ya ua, na hapakuwa na mtu wa kuturuhusu wala wa kutukataza, ila nyayo za jozi moja ya gambuti zikitutangulia kuja huku. Bwana Harcombe ameketi kiti cha nyuma kabisa, tope mpaka magotini, na sisi hatumwulizi kitu.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, hata wale aliowatoroka, kasisi wetu, wajumbe wa halmashauri, na majirani wa Lowfold waliopika supu wiki mbili. Hester amerithi nyumba. Neville amerithi baiskeli na atairekebisha breki, ambazo mama yake hakuzijua. Jarida la parokia limekuja kwangu, mtavumilia mwendo. Na njia ya Lowfold mmeirithi nyinyi nyote mliomo humu, kwa sharti moja, kwamba muipite, na muanze Jumapili hii.

Avis, hukuzungushwa. Sasa keti, pumzika kwa amani wifi yangu, na ukichoka kupumzika, lango liko wazi.