Nilivyomshuku Jirani kwa Kifua cha Binti Yangu

Wenzangu, nimemwomba mwenyekiti wa kikundi chetu dakika chache kabla hatujaanza shughuli zetu. Sitataja jina la mtu. Ukimtambua, baki naye moyoni.

Mnanijua mimi ni mtu wa kushuku. Jirani akifunga mlango mchana, najiuliza anaficha nini. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku, nasema huyu ana lake jambo.

Tulipohamia Kagoma tulipata chumba cha mbele, kinachotazama lami, pale malori yanapopumzika baada ya kupanda mlima. Nilikipenda kwa sababu ya kibaraza. Niliuza chai na maandazi, madereva wakawa wateja wangu. Binti yangu alikuwa na miaka sita, mzima kabisa. Hatukumaliza mwezi, akaanza kukohoa. Nikasema mafua. Kisha kifua kikaanza kulia, akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, na macho yananitazama mimi. Ndugu zangu, nawaambia, usiombe mwanao akutazame vile.

Chumba cha pili aliishi mama mmoja aliyetoka kisiwani Bumbire, muuza dagaa. Kwao hatukukujua. Alimpenda sana binti yangu. Akipika uji anamwita, "Njoo mwanangu, ungali wa moto." Basi mimi nikaanza kuunganisha. Kikohozi kilianza tulipohamia karibu na nani? Karibu naye. Nani anamlisha mtoto? Yeye.

Sikumwuliza kitu. Nilimkataza mtoto kukanyaga mlango wake, halafu kisimani nikawaambia wanawake, "Yule mwangalieni." Sikuongeza neno. Wiki ile ile watu wakaacha kununua dagaa wake.

Likizo ikafika, nikampeleka mtoto kwa mama yangu Izimbya, ndani kabisa kwenye kibanja, migomba pande zote. Wiki ya pili mama akanipigia simu. "Waitu, mwanangu, huyu unayesema mgonjwa ni yupi? Anakimbiza mbuzi tangu asubuhi."

Mwingine angefurahi. Mimi nikasema, si mnaona? Mkono wa yule mwanamke haufiki Izimbya. Mtoto akarudi Kagoma, siku ya tatu kifua kikalia tena. Kwangu kesi ikawa imekwisha.

Siku moja nilikwenda Muleba mjini kununua unga, mtoto nikamwacha uani na wenzake. Nikapigiwa simu: binti yako amezidiwa, jirani amempeleka kituo cha afya kwa bodaboda. Nilipofika nilimkuta yule mama amempakata, kanga yake imelowa jasho, mtoto amewekewa dawa ya kuvuta. Mnadhani nilisema asante? Nilimwuliza mbele ya wagonjwa wote, "Umempa nini?"

Akanikabidhi mtoto taratibu. "Sijampa kitu. Nimembeba tu." Akaondoka.

Tabibu alikuwa amesikia. Akaniambia, "Mama, mtoto ana pumu, na kuna kitu kinaichokoza. Wewe unamshuku mtu?"

"Ndiyo."

"Basi shuku vizuri. Kila akikohoa, angalia yuko wapi na karibu yake kuna nini. Baada ya wiki mbili uje unieleze."

Hata yeye nilimshuku. Nikajiambia hawa wamepanga. Ila nilitaka kumwumbua, kwa hiyo nikakaa nikachunguza kama askari. Siku zile jirani yangu alikuwa amesafiri kwenda Bumbire kwa dada yake, mlango una kufuli. Na mtoto akakohoa! Alikohoa asubuhi, madereva wakiwa wanapasha injini, moshi unaingia moja kwa moja dirishani kwetu. Jumapili, malori yakiwa machache, akapumua. Nikachukua kitambaa cheupe nikafuta nondo za dirisha. Kikatoka cheusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Nikatazama chandarua cha mtoto: nilikinunua cheupe, sasa kijivu. Wenye moshi ule ndio niliokuwa nawaambia kila siku, karibuni chai.

Nilirudi kwa tabibu nikamweleza. Akanifundisha kumpa mtoto dawa ya kuvuta, akasema tukiweza tuhame. Tukapata chumba kwa ndani, mbali na lami. Madereva nimewaomba wazime injini wanapopumzika. Wengine wanazima, wengine wananicheka. Pumu haijaondoka, nisiwadanganye, ila wiki zinapita bila kifua kulia, na shuleni anakwenda.

Jirani aliporudi nilimwendea, nikapiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa. Lakini kunichafua ulinichafua mbele ya watu, na hapa tuko wawili tu."

Ndiyo sababu nimesimama. Wengi mliokuwa kisimani mmo humu. Yule mama hakumfanyia mwanangu ubaya wowote. Alimlisha, na siku alipozidiwa akambeba. Ubaya nilifanya mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru tabibu yule, namshukuru mama yangu. Nanyi wenye vyumba vya barabarani, mtoto akikohoa mpelekeni kwa tabibu, mchunguze na kinachoingia dirishani kabla hamjamtazama mtu vibaya.

Nimemaliza. Jirani yangu, wewe umenisikia, na safari hii nao wamenisikia.