Bado na Tayari: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Funguo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Funguo anastaafu baada ya kukitumikia chumba chetu cha majaribio ya sauti kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameitaka mwenyewe. Nilipoiacha ili sentensi isiwe ndefu, aliirudisha kwa kalamu nyekundu, na kalamu ya Mama Funguo haina rufaa.

Aliingia hapa kama karani wa stoo, akiandika maikrofoni zinazotoka na zinazorudi. Alipoona kwamba zinazorudi na malalamiko ni zilezile zilizotoka bila kujaribiwa, aliomba meza na hedifoni. Akapewa chumba cha mwisho ghorofa ya chini, kilichokuwa kinawekwa mafagio. Alikibandika magodoro ukutani, akatundika mablanketi, na mpaka leo ukiingia humo unajikuta unanong'ona bila kuambiwa.

Jina lilikuja pamoja na vinasa sauti visivyo na waya. Mafundi wengine walivijaribu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Yeye alitikisa funguo. Alisema kifaa kinaweza kukudanganya kwenye sauti ya mtu, lakini mbele ya funguo kinaumbuka. Zikisikika kama funguo, sawa. Zikisikika kama mchanga unaomwagwa kwenye sinia, kifaa kinarudi. Kisha alikivaa ndani ya nguo, akapanda nacho ngazi, akazunguka nacho nyuma ya jiko la kantini, maana huko ndiko watu wanakoishi na kusema.

Funguo zake ni kumi na tisa. Kumi na nane hazifungui chochote. Ya kumi na tisa ni ya nyumbani kwake, na aliiweka humo kwa sababu mlio wake ni mwembamba kuliko zote. Jamani, mumewe amekuja getini kufuata ufunguo huo mara nyingi hata walinzi wakimwona tu wanamvutia kiti.

Kila kifaa kilichopita mikononi mwake kilibandikwa kipande cha utepe mweupe chenye neno moja: BADO au TAYARI. Hakuandika "kibovu" hata siku moja. Mwaka mmoja mkurugenzi wetu, akiwa na haraka zake, alichukua kinasa chenye BADO akakitumia kwenye hotuba yake mwenyewe. Alisikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Tangu siku hiyo anasoma utepe kwanza, ndipo anasalimia.

Lakini lipo jambo ambalo mwenyewe ameniamuru niliandike, na ndilo linaloniuma mimi. Miaka mitatu iliyopita alitikisa funguo mbele ya kinasa kipya, akatega sikio, akabandika TAYARI. Mimi, msaidizi wake wa miaka tisa, nilikuwa na hedifoni ya pili, na nilisikia mchanga. Niliusikia vizuri kabisa. Nikanyamaza. Nani angemwambia Mama Funguo kwamba amekosea? Kinasa kikaenda kwa mkunga mmoja wa zamani aliyekubali kutusimulia maisha yake kwa saa mbili. Kila alipotamka "s", sauti yake ilichanika. Tulilazimika kurudi kumwomba aanze upya, na ile hadithi ya mtoto wake wa kwanza hakuweza kuisema mara ya pili.

Nilimweleza Mama Funguo ukweli huku nimeinamisha kichwa. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliuliza tu kama nilisikia, nikajibu ndiyo. Wiki hiyohiyo alikwenda kwa daktari wa masikio, akarudi na cheti kilichosema sauti nyembamba za juu zimemtoka, akakipeleka kwa mkurugenzi kwa mkono wake. Mtu mwingine angekificha. Kwa sauti hizo za juu tukagawana kazi: yeye atikise, mimi nisikie, na nikisikia niseme. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho miaka yote mitatu.

Jumatatu wiki hii tulijaribu maikrofoni ya hafla hii ya kumuaga. Ukumbi ulikuwa na watu: mkurugenzi, wapishi wa kantini, mumewe aliyekuja kuangalia viti. Mama Funguo alitikisa funguo, akatabasamu, akatoa utepe, akaandika TAYARI bila kunisubiri. Wote wakapiga makofi. Mimi, hedifoni masikioni, nikasikia mchanga. Nikasema kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia: bado.

Mama Funguo akacheka mpaka akashika meza. Ule utepe wa TAYARI hakuutupa. Alikuja akaubandika kwenye mfuko wa shati langu, akaniwekea funguo mkononi, akaenda kukaa na mumewe. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Maikrofoni ilibadilishwa, kwa hiyo leo mkisikia vibaya, mnijie mimi. Mama yetu, asante kwa masikio yako, na asante zaidi kwa kutufundisha kuyaamini yetu. Nenda kwa afya na furaha, ulale mpaka jua likuchoke, nasi tunakutakia maisha mema kwa moyo wote. Funguo kumi na nane zinabaki kazini. Ile ya kumi na tisa nimeitoa na kuifunga kwenye bahasha ya zawadi yako, ili mzee wetu asikae tena getini.